Rafael Altamira na Nguvu ya Desturi katika Sheria

Wanaochunguza historia ya sheria ya Hispania hutaja majina mawili kila wanapozungumzia mwanzo wa karne ya ishirini: Eduardo de Hinojosa na Rafael Altamira y Crevea. Hinojosa (1852–1919) aliimarisha uchunguzi wa hati za kale. Altamira alijiuliza jambo jingine, nalo ndilo litushughulishalo katika makala haya: je, sheria ya watu hukaa wapi hasa, katika vitabu vya serikali au katika mwenendo wa watu wenyewe? Alianza kulichunguza swali hilo ujanani, akawa analo bado katika vitabu alivyovitoa uhamishoni miaka ya mwisho ya maisha yake.

Altamira alizaliwa Alicante, mji wa bandari mashariki ya Hispania, tarehe 10 Februari 1866. Alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Valencia, kisha akaenda Madrid kutafuta shahada ya udaktari. Huko alikaribiana na Francisco Giner de los Ríos na wenzake, ambao mwaka 1876 walianzisha Institución Libre de Enseñanza, chuo kilichokusudia kufundisha bila kutawaliwa na serikali wala kanisa. Tasnifu yake, iliyosimamiwa na Gumersindo de Azcárate, ilitolewa kuwa kitabu mwaka 1890 kwa jina la Historia de la propiedad comunal, yaani historia ya mali ya jumuiya.

Ili tuelewe uzito wa kitabu hicho, hapana budi tukumbuke hali ya nchi wakati ule. Sheria ya tarehe 1 Mei 1855 ilikuwa imeamuru kuuzwa kwa ardhi nyingi za miji na vijiji, yakiwamo malisho na misitu ambayo wanavijiji walikuwa wakiitumia pamoja. Walioitunga waliamini kwamba ardhi isiyo na mwenyewe mmoja haiwezi kustawi. Kisha mwaka 1889 nchi ikapata Kanuni yake ya Sheria za Madai. Kwa mujibu wa vifungu vya 5 na 6 vya kanuni hiyo, desturi haikuweza kuitangua sheria iliyoandikwa. Ilipewa nafasi pale tu ambapo sheria imenyamaza, nayo sharti iwe desturi ya mahali penyewe. Basi kijana huyu alipoandika kwamba umiliki wa pamoja umeonekana kwa mataifa mengi na katika zama nyingi, na kwamba ulikuwa ungali hai vijijini mwa Hispania, alikuwa akitetea kitu ambacho serikali yake ilikwisha kukihesabu kuwa mabaki ya ujinga.

Hakutosheka na vitabu. Joaquín Costa, mwanasheria wa Aragón, alikuwa akiwakusanya wachunguzi waandike desturi za kila jimbo kama walivyozikuta zikitumika, na Altamira akashika sehemu ya jimbo la kwao. Katika bustani za Alicante mvua ni haba, na mashamba hunyweshwa kwa maji ya bwawa la Tibi lililojengwa mwishoni mwa karne ya kumi na sita. Huko haki ya maji ilitengana na haki ya shamba. Mtu aliweza kumiliki maji pasipo kuwa na hata hatua moja ya ardhi, na mwenye shamba asiye na maji alikwenda kuyanunua sokoni, yakipimwa kwa muda wa kupita mferejini. Palikuwa na soko, vipimo na vyeti, na watu waliotii kanuni ambazo nyingi zilizaliwa na mazoea yao. Jambo kama hili Altamira aliliona kuwa ushahidi: mwanahistoria anayesoma amri za wafalme peke yake ataijua nusu tu ya sheria iliyowaongoza watu.

Mwaka 1897 alipewa kiti cha Profesa wa Historia ya Sheria ya Hispania katika Chuo Kikuu cha Oviedo, katika jimbo la Asturias lenye migodi ya makaa. Mwaka uliofuata Hispania ilishindwa vita na Marekani, ikapoteza Cuba, Puerto Rico na Ufilipino. Katika huzuni hiyo ya taifa, Altamira na wenzake, akina Adolfo Posada, Aniceto Sela na Leopoldo Alas, walianza kuitoa elimu nje ya kuta za chuo kikuu, wakawafundisha wafanyakazi wa mjini na wa migodini. Hapo ndipo alipoandika Historia de España y de la civilización española, mabuku manne yaliyotoka kati ya 1900 na 1911, ambamo wafalme na vita havikupewa nafasi yote, bali pia mashamba, kazi, shule, hukumu na imani. Mwaka 1903 alitoa kitabu cha masuala ya utangulizi wa historia ya sheria, akaeleza kwamba historia hiyo haina budi kuchungua sheria zilizoandikwa na zile ambazo hazikuandikwa.

Mwaka 1909 chuo chake kilimtuma Amerika. Alifundisha kwa miezi kadhaa katika Chuo Kikuu cha La Plata, Argentina, kisha akapita Uruguay, Chile, Peru, Meksiko, Marekani na Cuba, akarejea mwaka 1910. Katika miji mingi alipokewa kwa shangwe. Walakini wako walioitilia shaka safari hiyo. Fernando Ortiz, mwanachuoni wa Cuba, alitoa mwaka 1911 kitabu alichokiita La reconquista de América, yaani kuitwaa Amerika upya, na humo alionya kwamba undugu wa lugha waweza kuwa vazi la tamaa ya utawala. Onyo hilo halikuwa bure. Altamira aliipenda nchi yake, na alipozitazama sheria za Hispania za kulinda wenyeji wa Amerika, aghalabu aliona wema wake kabla ya kuona kushindwa kwake. Hata hivyo, kanuni yake mwenyewe, kwamba sheria ipimwe kwa yale yaliyotendeka, ndiyo iwapayo wasomaji chombo cha kumsahihisha. Mwaka 1914 alipewa Madrid kiti cha historia ya taasisi za kisiasa na za kiraia za Amerika.

Sasa yafuata sehemu ya maisha yake iliyoonyesha kwamba swali la desturi za vijijini ni swali la dunia nzima. Mwaka 1920 Altamira alikuwa mmoja wa wanasheria kumi waliokutana The Hague, kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, kutunga katiba ya Mahakama ya Kudumu ya Haki ya Kimataifa. Kifungu cha 38 cha katiba hiyo kiliiagiza mahakama ifuate, pamoja na mikataba, desturi ya mataifa iliyo ushahidi wa mazoea ya jumla yaliyokubaliwa kuwa sheria. Maneno hayo yamo hata leo, karibu kama yalivyokuwa, katika katiba ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyoirithi. Mwaka 1921 Altamira alichaguliwa kuwa mmoja wa majaji wa kwanza.

Usiku wa tarehe 2 Agosti 1926, meli ya Kifaransa iitwayo Lotus iligongana na meli ya Kituruki Boz-Kourt katika bahari kuu, na Waturuki wanane wakafa. Lotus ilipofika Constantinople, Uturuki ilimshitaki Mfaransa aliyekuwa zamu. Je, ilikuwa na haki hiyo? Tarehe 7 Septemba 1927 majaji waligawanyika sita kwa sita, na kura ya Rais Max Huber ikaamua kwamba Uturuki haikuvunja sheria. Altamira alikuwa miongoni mwa waliopinga. Katika rai yake alieleza kwamba uko wakati ambapo kanuni ya desturi haijakamilika machoni pa ulimwengu, lakini matukio yaliyotangulia yaielekeza kwa nguvu, na hapo ni kuitumikia haki kuisaidia itokee. Hilo ni neno la mtu aliyekwisha kuona jinsi desturi inavyokua. Na kwa hakika kanuni ile ilitokea: mkataba wa Brussels wa 1952, wa Geneva wa 1958 juu ya bahari kuu, na ule wa Umoja wa Mataifa juu ya sheria ya bahari wa 1982, yote haiiruhusu nchi kumshitaki baharia wa kigeni kwa mgongano wa namna hiyo kwa sababu tu raia zake wamedhurika.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Hispania mwaka 1936, Altamira alikwenda The Hague. Wajerumani walipoiteka Uholanzi mwaka 1940, kazi ya mahakama ilisimama, naye akahamia Bayonne, kusini ya Ufaransa. Mwaka 1944, akiwa na umri wa miaka 78, alipitia Ureno akavuka bahari hadi Meksiko. Hakurudi tena kwao akiwa hai. Pengine mwingine angalipumzika. Yeye aliandika juu ya desturi za kisheria katika makoloni ya Hispania, na mwaka 1948 akatoa kitabu cha mwongozo wa kuchunguza historia ya sheria hizo. Aliifahamu vema sheria ya Mfalme Charles wa Tano ya mwaka 1555, iliyowaachia wenyeji wa Amerika desturi zao njema madhali hazipingani na dini wala na sheria za mfalme. Msomaji wa Afrika Mashariki ataikumbuka amri ya Waingereza ya 1920 juu ya Tanganyika, iliyoagiza mahakama kufuata sheria za wenyeji madhali hazipingani na haki na maadili. Karne karibu nne zazitenga amri hizo, na katika zote mbili mtawala ndiye aliyejiwekea mamlaka ya kusema desturi ipi ni njema.

Kazi ambayo wanafunzi wa lugha wataithamini zaidi ilitoka mwaka 1951: kamusi ya maneno ya kisheria na ya kiufundi yaliyomo katika sheria za Hispania kwa Amerika. Altamira alijua kwamba neno la kale hubaki vilevile kwa sura huku maana yake ikihama, na msomaji asiyeangalia huihukumu karne ya kumi na sita kwa maana ya leo. Mfano ulio karibu nasi ni neno alcalde. Asili yake ni al-qadi la Kiarabu, ambalo kwetu ni kadhi. Kwetu limebaki kwa hakimu wa sheria za Kiislamu. Kwa Wahispania lilikuwa la hakimu wa mji, na mwisho likawa la mkuu wa mji asiyehukumu kesi. Mtu akifasiri hati ya kale pasipo kujua safari hiyo, atakosea juu ya nani alikuwa na mamlaka gani.

Altamira alifariki mjini Meksiko tarehe 1 Juni 1951. Kwa wale wanaoandika leo desturi za ardhi, za maji na za urithi katika nchi yo yote, kazi yake yaacha wajibu ulio wazi: kuzisikiliza kwa wanaozitumia, kuyapima maneno yao kwa wakati wake, na kutoingoja serikali iziandike ndipo tukiri kwamba ni sheria.