Uhuru Iliyorushwa Malindi

Desemba 12, 1970, Kenya ilipokuwa ikisherehekea miaka saba ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya Marekani, warushaji wakiwa Waitaliano, na kwa heshima ya siku hiyo ikaitwa kwa Kiswahili: Uhuru. Hiyo ndiyo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kupima eksirei zitokazo angani.

Mwaka 1971 Uhuru iligundua kuwa Centaurus X-3 hutoa eksirei kwa mapigo, moja kila sekunde 4.8. Wataalamu wakafafanua: gesi ya nyota kubwa huvutwa na jirani yake, nyota ndogo nzito mno, ambayo sumaku yake huielekeza gesi kwenye ncha. Huko gesi hukwama ghafla na kupata joto la mamilioni ya digrii.

Hapo penye "ghafla" ndipo hesabu zinapogoma. Chukua umati unaokimbilia sokoni Kariakoo. Walio mbele wakizuiwa, walio nyuma hawana habari. Hutokea mstari: upande huu watu wamebanana, upande ule bado wanakimbia. Kompyuta hugawa gesi katika vijisanduku, na hesabu za kawaida hudhani mabadiliko ni ya polepole. Zikifika kwenye mstari huo, ama huufifiza, ama huzua mawimbi yasiyokuwepo.

Mwaka 1959 Mrusi Sergei Godunov alionyesha njia: kila mpaka wa vijisanduku uhesabiwe kama mstari wa ghafla, ijulikane kinachovuka na kinakokwenda. Penye sumaku kazi huzidi, kwani gesi hupitisha mawimbi ya aina tatu. Mwaka 1988 Brio na Wu walitumia njia ya ukoo huo kwenye gesi yenye sumaku, na jaribio lao hadi leo hupimia programu mpya.

Basi tujiulize. Jina letu, bahari yetu, hesabu za wengine. Hapa Tanzania, mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Leo simu ya mchuuzi wa mitumba Mchikichini inazishinda kwa mbali kompyuta za wakati wa Uhuru, na kanuni ya Godunov imo vitabuni. Kilichobaki ni kijana aliyefundishwa hisabati sawasawa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari hilo tulishike wenyewe.