Kutosha jino au kuziba jino: habari iliyoanza ng'ambo ya ziwa

Leo siandiki juu ya muhogo wala migomba. Naandika juu ya meno, na mutanivumilia, juu migomba itarudi tu katikati.

Wakati wa likizo kubwa mtoto wa dada yangu, wa miaka minane, alinifungulia kinywa akanionyesha doa jeusi kwenye jino la nyuma, chini upande wa kushoto. Dada akasema: "Acha tu, hiyo ni jino ya utoto, itaanguka yenyewe." Nilihesabu meno ya mtoto na kidole, mara mbili. Haikuwa jino la utoto. Ile gego la kwanza la kudumu linaota karibu na miaka sita, nyuma ya meno ya utoto yote, na hakuna jino linaloanguka ili kulipisha. Linaingia kimya. Wazazi wengi hawajui kama limefika, na linapooza wanasubiri lianguke. Halianguki. Mtoto anapaswa kulitumia mpaka uzee.

Mimi langu nililipoteza nikiwa na miaka 16, Baraka. Muganga aliniuliza swali moja tu: "Ni gani inauma?" Nikaonyesha. Sindano, koleo, pamba, kwisha. Simlaumu, alikuwa na koleo na hakuwa na kitu kingine. Lakini angalieni lugha yetu yenyewe. Sisi tunasema kutosha jino. Kwa mtu wa Dar es Salaam kutosha ni kuwa na kiasi kinachofaa. Kwetu ni kuondoa. Neno kuziba jino sikulisikia mpaka nilipofika Bukavu kusoma. Mwenzangu wa chumba alinionyesha gego lake akasema lilikuwa na tundu, limezibwa. Nilitafuta ile sehemu iliyozibwa, sikuiona. Rangi ilikuwa ya jino. Alisema walimulika taa ya bluu ndani ya kinywa na dawa ikawa ngumu pale pale. Nilifikiri ananichezea.

Basi nikaanza kusoma, kidogo kidogo, na nilichokipata kilinishangaza: kipande kimoja kikubwa cha historia hii kimetokea karibu na sisi, kwa watu wanaosema Kiswahili.

Tuanze mbali kidogo. Marekani kulikuwa na mkubwa mmoja wa elimu ya meno, Greene Vardiman Black, aliyefariki 1915. Ndiye alipanga sheria za namna ya kuchonga tundu kabla ya kuziba, na sheria yake moja iliyofuatwa karibu dunia nzima ilisema: panua ili kuzuia. Yaani usitoe uozo peke yake, chonga mpaka kwenye mifereji mizima ya jino, hata pale pasipo uozo bado, ili ugonjwa usirudi pembeni. Dawa ya wakati ule ilikuwa amalgamu, mchanganyiko wa fedha, bati na madini mengine pamoja na zebaki, na zebaki yenyewe ni karibu nusu ya uzito. Amalgamu ni ngumu, ni ya bei ndogo, inadumu miaka mingi. Lakini hainati kwenye jino. Inakaa kwa sababu ya umbo la shimo: chini pana, juu pembamba, kama mtungi. Sasa ukiwa na uozo mdogo kama punje ya mtama, muganga analazimika kuchonga mtungi mzima. Jino zima linapoteza nyama yake ili dawa ipate pa kukaa. Na kila mara dawa ikivunjika, mtungi unaongezwa. Black hakuwa mjinga. Wakati wake hapakuwa na gundi ya meno wala dawa ya mswaki yenye floridi. Alifanya na alichokuwa nacho.

Hapa ndipo migomba inaingia. Mutakumbuka mnyauko wa bakteria, ule uliothibitishwa Masisi mwaka 2001 ukashuka mpaka kwetu Kivu ya Kusini. Amri ya kwanza tuliyowapelekea wakulima ilikuwa kung'oa shina zima pamoja na watoto wake wote, hata ikiwa mgomba mmoja tu umenyauka. Wakulima walikataa, na walikuwa na haki: ni kazi ya kuvunja mgongo, na unabaki bila ndizi. Baadaye watafiti, wengine wao wakifanya kazi hapa hapa Kivu, wakaonyesha kwamba bakteria haifiki kwenye migomba yote ya shina kwa wakati mmoja. Ukikata ule mmoja mgonjwa mapema, chini kabisa, na panga ukalisafisha kwa moto, na ukirudia bila kuchoka, ugonjwa unapungua na shamba linabaki. Nilipofundishwa hiyo sikujua kama watu wa meno walikuwa wamepita njia ile ile kabla yetu.

Wao walianzia kwenye gundi. Mwaka 1955 Michael Buonocore, wa Rochester kule Marekani, alichukua wazo kutoka viwandani, ambako chuma kilipakwa asidi kwanza ili rangi ishike vizuri. Akapaka asidi ya fosforiki juu ya ngozi ngumu ya jino. Asidi inaacha vishimo vidogo sana visivyoonekana kwa macho, na plastiki ya maji-maji ikiingia humo na kukauka, haitoki tena. Miaka michache baadaye Rafael Bowen akatengeneza plastiki mpya iliyochanganywa na unga wa madini ya kioo, akapata hati yake 1962. Ndiyo baba wa ile komposite ya mwenzangu wa Bukavu. Mwanzoni ilikuwa nzuri kwa meno ya mbele. Kwenye magego, ambako tunatafunia mahindi na mifupa ya kuku, ililika haraka. Ilichukua miaka mingi ya kusahihisha unga na gundi mpaka ikaweza kazi ya nyuma.

Faida yake mumeishaiona: kama dawa inanata, mtungi hauna kazi tena. Unatoa kilichooza, unaacha kilicho kizima. Lakini komposite ina masharti, na sipendi kuyaficha. Jino linapaswa kuwa kavu kabisa. Mate kidogo tu na gundi imeharibika, na gego la nyuma liko kwenye ziwa la mate. Dawa inawekwa tabaka kwa tabaka, kama milimita mbili kila mara, na kila tabaka inamulikwa. Inahitaji taa, pampu ya kuvuta mate, hewa ya kukausha, muganga asiye na haraka. Na umeme. Mwenye kukaa Ubwari ameishacheka.

Sasa ng'ambo ya ziwa. Katikati ya miaka ya 1980 Mholanzi mmoja, Jo Frencken, alikuwa akifanya kazi Tanzania, kwenye programu ya afya ya kinywa ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vijijini hakukuwa na umeme wala maji ya bomba, na watu walikuja wakati wa maumivu tu, mwisho wao ukawa koleo. Ni hali ambayo sihitaji kuwaelezea. Frencken na wenzake wakauliza swali ambalo linaonekana dogo: je, mashine ni ya lazima? Uozo ni laini. Kitu laini unaweza kukikwangua kwa mkono. Wakachukua vyombo vya mkono: kipatasi kidogo cha kupanua mlango wa tundu, na kijiko kikali cha kukwangua kilicholainika. Mgonjwa analala juu ya meza ya kawaida, hata ya shule. Mara nyingi sindano haihitajiki, kwa sababu hukati sehemu yenye uhai. Halafu unaziba kwa saruji inayonata. Mwaka 1986 habari hiyo ilitolewa mbele ya waganga wa meno wa Tanzania katika mkutano wao wa Morogoro.

Saruji waliyoanza nayo haikuwa na nguvu sana. Iliyokuja kufanya kazi vizuri ni nyingine, ya kioo na asidi, iliyotangazwa na Wilson na Kent huko London 1972. Unachanganya unga na maji yake kwenye karatasi, unajaza tundu, unaweka vazelini kwenye kidole cha glavu na kukandamiza mpaka iingie hata kwenye mifereji ya pembeni. Baada ya dakika chache imekuwa ngumu bila taa. Inanata kwenye jino lenyewe bila mambo mengi, inavumilia unyevu kuliko komposite, inatoa floridi polepole, na rangi yake iko karibu na ya jino. Majaribio makubwa yakafuata, Thailand 1991, halafu Zimbabwe 1993. Tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani ambayo mwaka ule ilikuwa juu ya kinywa, Shirika la Afya Duniani likaipokea njia hiyo rasmi.

Kulikuwa na waganga waliosema hii ni dawa ya maskini, na kwamba kijiko kinaacha uozo chini. Kwanza kinaacha kweli, kidogo. Karibu na moyo wa jino kuna tabaka kama ngozi ya kiatu iliyolowa, na ukilikwangua lote unaweza kutoboa mpaka kwenye mshipa. Kanuni ya zamani ilitaka utoe lote. Lakini utafiti wa miaka iliyofuata, wa matajiri pia, ulionyesha kwamba bakteria waliofungiwa chini ya kifuniko kizuri wanakosa chakula, na jino linajijenga. Mwaka 2016 kundi la wataalamu wa mataifa mengi liliandika wazi: kwenye tundu la kina acha kilaini cha chini, safisha kingo, funga vizuri. Kwa hiyo kile kilichofanywa vijijini Tanzania kwa kukosa umeme kilikuja kufanana na kile ambacho vyuo vikubwa vinafundisha sasa.

Sitaki kupamba kupita kiasi. Saruji hii inadumu vizuri kwenye tundu la uso mmoja, lile la juu ya gego. Tundu la katikati ya meno mawili linaisumbua, inavunjika au inatoka mapema. Hapo komposite iliyowekwa kwa utulivu inaishinda. Mwenye nafuu na muganga mwenye taa, achague komposite bila haya. Na zebaki? Mkataba wa Minamata wa 2013 ulizitaka nchi zipunguze amalgamu. Ni zebaki ile ile ambayo wachimbaji wadogo wengi duniani wanaitumia kukamata chembe za dhahabu, na sisi wa Fizi, majirani wa Misisi, tuna sababu ya kuufuatilia mkataba huo zaidi ya wengine.

Kitu kinachoniuma ni ukaribu. Kutoka kwetu, usiku usio na ukungu, tunaona mwanga wa upande wa Kigoma. Familia nyingi za hapa zilivuka tangu 1996 zikaishi Nyarugusu, nyingine ziko bado. Mama mdogo wangu alikaa huko miaka, akarudi na gego lenye kitu cheupe juu. Tulimcheka tukasema wamemjazia chaki. Alitujibu: "Chekeni, mimi natafuna." Alikuwa na jino lake. Mimi, niliyebaki nyumbani karibu na koleo, nilikuwa na pengo. Hakuna aliyemuuliza walifanya nini, hata mimi niliyejiita msomi.

Na siyo dawa ya ajabu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiweka saruji hiyo kwenye orodha ya dawa za lazima, pamoja na dawa ya mswaki yenye floridi. Maana yake mganga mkuu wa zone ya afya anaweza kuiandika kwenye maombi yake kama anavyoandika dawa ya malaria. Vyombo vyake vinaingia kwenye sanduku moja, vinachemshwa kama vyombo vya kuzalisha. Wenzetu mnaofanya kazi kwenye afya, munajua mlango wa kugonga kuliko mimi wa agronomia.

Nirudi kwa mtoto. Dada alikubali baada ya siku tatu za mabishano, mtumbwi wa mota mpaka Baraka, halafu barabara mpaka Uvira, ile mnayoijua. Muganga wa meno tuliyempata alikuwa na taa ya bluu mezani, imefunikwa na kitambaa safi. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na jenereta ilikuwa na shida yake. Nikafikiri tumekuja bure. Akaangalia lile jino, akasema: "Ni ya juu tu, haijafika ndani. Tunafanya na mukono." Akamlaza mtoto, akamwambia dada amulike na simu. Nilisikia ile sauti ya kijiko, kama mtu anakwangua sufuria chini. Mtoto alikunja miguu mara moja, hakulia. Kama dakika ishirini hivi. Muganga akakandamiza kidole, akahesabu kwa sauti, akatoa kidole.

"Usikule paka saa moja," alimwambia. Mtoto akauliza kama mahindi ya kuchoma yanahesabika.