Kutu ya rimu: Hatari inayojificha chini ya tairi

MNG'AO wa rimu ya pikipiki kuukuu si thibitisho kwamba gurudumu ni salama. Katika magurudumu ya spoki, kutu mbaya zaidi aghalabu huanzia ndani, mahali palipofunikwa na tairi, na mwenye chombo huitambua chuma kikiwa tayari kimeliwa.

Rimu nyingi za pikipiki ndogo, zikiwemo za bodaboda, ni za chuma cha kawaida kilichopakwa kromu. Kromu yenyewe haishiki kutu, lakini tabaka lake ni jembamba na lina vitundu visivyoonekana kwa macho. Maji hupenya kupitia vitundu hivyo na kukishambulia chuma. Maji mengine huingia kwenye matundu ya spoki na ya valvu, yakabaki chini ya tairi siku nyingi bila kukauka. Chumvi huharakisha uharibifu huu, na ndiyo sababu pikipiki za Mombasa, Malindi na Lamu zahitaji kukaguliwa mara nyingi zaidi kuliko za bara.

Ukaguzi uanze kwa kuosha gurudumu na kulikausha. Pikipiki ikiwa juu ya stendi ya katikati, lizungushe polepole ukitazama sehemu tatu: kingo zinazoshika tairi, mahali rimu ilipoungwa, na pambizo za kila tundu la spoki. Alama za rangi ya hudhurungi zinazochuruzika kutoka kwenye matundu hayo ni ishara kuwa kuna kutu ndani. Kisha gonga kila spoki kwa spana ndogo. Inayotoa sauti nzito isiyolia kama wenzake huenda imelegea, au chuma kinachoishikilia kimeanza kulegea.

Hatua muhimu zaidi ni kuvua tairi, tyubu na ukanda wa mpira unaofunika vichwa vya spoki. Kwaruza kutu kwa brashi ya waya, kisha dukuadukua chuma kwa ncha ya bisbisi. Kutu ikitoka kama vumbi na kuacha chuma kigumu na laini, piga msasa, paka rangi ya kuzuia kutu, iache ikauke kabisa, kisha tia ukanda mpya. Mabaki ya kutu yakiachwa, hukwaruza tyubu na kuleta pancha za mara kwa mara zisizo na msumari wala mwiba.

Lakini chuma kikibanduka kwa magamba, kikiwa na mashimo, au kukiwa na ufa kwenye tundu la spoki, rimu hiyo haifai tena. Kuichomelea au kuijaza na kuipaka rangi ni kuficha maradhi. Spoki zaweza kung'oka pikipiki ikiwa imebeba abiria, au ukingo ukavunjika na tairi kuchomoka.

Rimu za alumini hazitoi kutu nyekundu. Dalili zake ni unga mweupe, rangi iliyovimba na vishimo. Usizisafishe kwa asidi kali, kwani huila alumini yenyewe.

Wakati bora wa ukaguzi ni kila tairi inapovuliwa kwa pancha au kubadilishwa. Mwambie fundi asirudishe tyubu kabla hujaiona rimu kwa macho yako. Anayenunua pikipiki iliyotumika naye aombe magurudumu yafunguliwe kabla ya kulipa.