Damu ya Musoma na mwanga unaopenya fuvu

Mwaka 1956 Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alichapisha hesabu za damu kutoka wilaya ya Musoma, Tanganyika. Kati ya watoto wachanga 287, tisa walikuwa na sikoseli. Kati ya watu wazima 654, watano tu. Wengi walikuwa wanakufa wangali wadogo. Wakati huohuo watu wazima 249 walibeba chembe moja ya urithi wa ugonjwa huo, na hao ndio waliokingwa na malaria kali. Vyuo vya nje vimewafundisha wanafunzi hesabu hizo kwa miongo mingi. Lakini Mkoa wa Mara, ambako Musoma ipo, haukupata faida ya haraka.

Sikoseli huweza kuleta kiharusi hata kwa mtoto mdogo: mishipa ya ubongo husinyaa, damu ikapita kwa shida, na nje hakuna dalili. Mwaka 1977 Frans Jöbsis wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, alionyesha njia ya kuchungulia ubongo bila kupasua. Alisimulia kwamba wazo lilimjia alipouona mwanga ukipenya mfupa wa ng'ombe. Mwanga wa infraredi ya karibu, wa nanomita 700 hadi 900 hivi, hupita kwenye ngozi na mfupa, na damu yenye oksijeni huumeza tofauti na ile iliyopungukiwa. Kifaa hubandikwa kwenye paji la uso, kikasoma mwanga unaorudi. Miaka ya 1980 kilianza kutumika kwa watoto njiti.

Kanda ya Ziwa, hata hivyo, imepata kipimo kingine, cha mawimbi ya sauti, kiitwacho Dopla. Mwaka 1998 utafiti wa Marekani ulithibitisha kuwa watoto ambao damu yao ubongoni hukimbia sentimita 200 kwa sekunde au zaidi hupunguziwa sana hatari ya kiharusi kwa kuongezewa damu mara kwa mara. Katika hospitali ya Bugando, Mwanza, watafiti wametumia Dopla pamoja na dawa ya haidroksiyurea. Lakini kwa mama wa Butiama au Bunda, mkoani Mara, kwenda Mwanza ni safari ya gharama.

Mwanga hauwezi kuchukua nafasi ya Dopla, kwani haufiki kwenye mishipa mikubwa iliyo ndani. Lakini unaweza kumfuatilia mtoto kitandani usiku kucha. Melanini, yaani rangi ya ngozi, na nywele nyeusi nene humeza sehemu ya mwanga huo, kwa hiyo ni lazima vifaa hivyo vijaribiwe kwa watoto wa Mara wenyewe kabla daktari wa Musoma hajaamini namba vinazotoa.