Namna Programu za Kukadiria Nishati ya Majengo Zinavyokaguliwa

Mhandisi anayetaka kujua jengo litatumia nishati kiasi gani, kabla hata msingi haujachimbwa, hutegemea programu ya kompyuta inayokokotoa athari za jua, kuta, madirisha, watu na mitambo kwa kila saa ya mwaka. Matokeo yake huamua ukubwa wa viyoyozi vitakavyonunuliwa. Nchini Marekani yametumika pia kuamua unafuu wa kodi wa majengo ya biashara yanayobana matumizi ya nishati, kwa kuwa hesabu zake zilitakiwa zifanywe kwa programu iliyopimwa. Kosa ndani ya programu, basi, hulipiwa na mwenye jengo au na hazina ya umma.

Zipo njia tatu za ukaguzi. Makadirio yanaweza kulinganishwa na vipimo vya jengo halisi, kazi ghali ambayo vipimo vyake navyo huwa na dosari. Au na jibu la kihisabati linalojulikana, ambalo hupatikana kwa mambo mepesi tu. Au programu kadhaa zikapewa jengo moja ili ionekane zinapoachana.

Njia hiyo ya mwisho ndiyo msingi wa BESTEST, utaratibu uliochapishwa mwaka 1995 na Ron Judkoff na Joel Neymark kupitia Maabara ya Taifa ya Nishati Jadidifu ya Marekani, kwa ushirikiano na Shirika la Kimataifa la Nishati. Jengo la majaribio ni chumba kimoja cha mita 8 kwa 6, chenye madirisha ya mita za mraba 12 upande wa kusini, katika hali ya hewa ya Denver, Colorado. Kuta zikiwa nyepesi, programu za rejea zilikadiria kuwa kukipasha joto kungehitaji kati ya megawati-saa 4.3 na 5.7 kwa mwaka. Kuta zilipofanywa nzito, zenye kutunza joto la mchana hadi usiku, makadirio yalishuka hadi kati ya 1.2 na 2.0. Zote zilikubali kwamba kuta nzito huokoa nishati; hazikukubaliana ni kwa kiasi gani.

Kwa kuwa majaribio hubadilisha kitu kimoja kimoja, mkaguzi huweza kufuatilia kosa hadi chanzo chake, na makosa kadhaa yalifichuliwa hivyo katika programu zilizokwisha kutumika. Mwaka 2001 chama cha wahandisi cha ASHRAE kiliuingiza utaratibu huo katika Kiwango namba 140.

Hata hivyo, matokeo ya rejea si ukweli wenyewe. Programu zinaweza kukubaliana kwa sababu tu zimerithi dhana moja potofu. Aidha, Denver ni kukavu na kuna baridi. Msanifu wa jengo la mwambao wenye unyevu aulize pia matokeo ya majaribio ya viyoyozi yaliyomo katika kiwango hicho, ambayo hupima uondoaji wa unyevu hewani.