Ndege Ndogo, Subira Kubwa

Ndugu tuliosoma pamoja, nanyi vijana mlio shuleni sasa: wengi huniuliza mtu mzima kama mimi ananufaika nini kwa kuunda na kurusha vindege vya redio. Jibu langu limo katika historia.

Mwaka 1937, huko Kalamazoo, Marekani, mapacha Walter na William Good waliirusha Guff, ndege waliyoiongoza kwa redio wakiwa chini. Redio za wakati huo zilikuwa za vali na betri nzito, hivyo ndege ilihitaji mabawa mapana. Transista, iliyovumbuliwa mwaka 1947, ilipunguza mzigo huo.

Lakini mwalimu wangu mkubwa ni Maynard Hill. Mwaka 2002 alijaribu kuvusha ndege zake Bahari ya Atlantiki, zikapotea. Ingawa alikuwa karibu kipofu, aliunda nyingine. Agosti 2003, akiwa na miaka 77, aliirusha kwa mkono wake kutoka Kanada, ikiwa na uzito usiofika kilo 5. Baharini ilijiongoza kwa ishara za setilaiti. Baada ya saa 38 na dakika 52 ilitua Ayalandi, mwendo wa kilomita kama 3,000.

Basi, vijana, bawa likivunjika msilitupe. Kusanyeni vipande, vigundisheni, gundi ikauke kabisa, kisha pimeni mizani: upande mmoja ukizidi uzito, ndege italalia huko. Kagueni hata mahali palipoonekana pazima. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na angani, ufa hausubiri.