Siku Zaire ilipigwa foto na watu watatu

Ile foto ya dunia ya rangi ya buluu, Afrika ikiwa katikati, karibu kila mmoja wetu anaijua. Iko kwenye vitabu vya jiografia, iko kwenye mashati, iko kwenye simu. Lakini siku hizi nasikia wenzetu wenye diploma kabisa wakisema kama foto zote za dunia ni za uongo, eti kila moja inaonyesha mabara kwa ukubwa tofauti. Juu ya ile njo naandika.

Tuanzie nyuma kidogo. Tarehe 24 Oktoba 1946, Wamarekani walirusha roketi V-2, yenye walichukua kwa Wajerumani kisha vita, kutoka jangwa la New Mexico. Kamera yake ilifika kilometa 105 hivi juu, ikaleta kipande cha ukingo wa dunia. Kipande tu. Mwaka 1966 kijana mmoja wa California, Stewart Brand, akatengeneza vibeji vya kuuliza kwa nini hatujaona bado foto ya dunia nzima. Mwaka uliofuata satelite ATS-3 ikaituma, tena ya rangi, kutoka karibu kilometa 36.000. Lakini ile ilikuwa mashine, hakukuwa mtu dirishani.

Watu walikuwa dirishani tarehe 7 Desemba 1972. Apollo 17 iliondoka Florida usiku, saa sita na dakika 33, ikiwa imechelewa kwa saa mbili na dakika 40. Ndani walikuwa Eugene Cernan, Ronald Evans na Harrison Schmitt. Saa tano hivi baadaye, wakiwa mbali kama kilometa 29.000, jua likiwa nyuma yao, mmoja wao akashika Hasselblad akapiga. Nani? Mpaka leo NASA inaandika majina ya wote watatu.

Hakuna mtu aliyechagua Afrika. Kule Florida kulikuwa bado giza, kwetu kulikuwa mchana, na chombo kilikuwa upande wetu. Fanyeni hesabu: Lubumbashi na Bukavu ilikuwa saa sita na dakika 39 ya mchana, Kinshasa saa tano na dakika 39. Inchi yetu ilikuwa na mwaka mmoja na kidogo tu ya kuitwa Zaire. Mtu aliyekuwa anatoka sokoni Kisangani saa ile, yumo ndani ya ile foto, hata kama haonekani. Mawingu iko mengi, si ajabu, Desemba ni mwezi wa mvua kule Katanga, wakati ule ikiitwa Shaba.

Sasa, ule mashitaka ya uongo. Sogeza chungwa karibu sana na jicho: utaona sehemu ndogo tu ya ngozi, na ile sehemu itajaza kila fasi. Lirudishe mbali, utaona karibu nusu nzima. Njo maana bara moja linaonekana kubwa kwenye foto moja na dogo kwenye nyingine. Mpigaji hakusimama fasi moja.

Ila wenye kushitaki wana haki nusu. Ile picha nzuri ya mwaka 2002, yenye jina lile lile la Blue Marble, haikupigwa mara moja. Satelite Terra inazunguka kama kilometa 700 tu juu, haiwezi kuona dunia nzima. Watu wa NASA waliunganisha vipande vya miezi mingi, na walisema wazi. Kuunganisha si kudanganya, lakini pia si sawa na ile ya 1972, na kwangu mimi ni vibaya kuzichanganya. Ukitaka dunia nzima bila kuunga vipande, iko foto za satelite DSCOVR, zilizopigwa kuanzia 2015, mbali kilometa milioni moja na nusu.

Kitu kimoja tena. Kwenye filmu ya Apollo 17, namba AS17-148-22727, kusini iko juu. Kabla ya kuipa magazeti waliigeuza, ili kaskazini ikae juu sawa kwenye ramani zetu za shule. Geuza simu yako kichwa chini, utaiona sawa ilivyo kwenye filmu: barafu ya Antaktika juu, Arabuni chini, na Lubumbashi juu ya Kisangani.